Kuaga Kijiji Kizima: Vidokezo kwa Anayeondoka Oldonyo Sambu

Barua ya uhamisho imefika, au tiketi ya ndege imeshakatwa. Umekaa Oldonyo Sambu miaka miwili, mitatu, pengine zaidi: mwalimu uliyetoka Mbeya, muuguzi uliyetoka Lindi, mtumishi wa mradi, au kijana wa Kijerumani uliyekuja kujitolea shuleni. Wamekupokea, wamekulisha, wamekufundisha kuitikia salamu. Sasa unataka kuwaaga, na kuwaaga vizuri.

Wazo la kwanza huwa ni pilau, soda, keki na muziki. Si baya. Ila kata hii, iliyo kilomita thelathini na ushei kutoka Arusha mjini kwenye barabara ya Namanga, ina watu wa kila namna. Wengi ni Waarusha, wanaosema Kimaasai, wanaolima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wamo Wamaasai wenye ndugu Longido, wamo Wameru, Wachaga na Wapare wenye maduka, na watumishi kutoka mikoa mingine. Kuna Walutheri, Wakatoliki, walokole, Wasabato, Waislamu, na wazee wanaoshika mila kuliko kitu kingine chochote. Ukipika kwa ajili ya kundi moja, mengine yatakaa pembeni yakitazama.

Msimamo wangu ni huu, na vidokezo vyote vinatoka hapo: sherehe ya kuaga kijiji ni mali ya kijiji. Wewe toa mbuzi na mchele. Shughuli yenyewe waachie wenyeji waiendeshe.

1. Anza kwa wazee kabla ya kumtafuta mpishi

Usitume ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe kwa miguu, asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda shambani na machungani. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa laigwanani, kiongozi wa mila. Beba sukari na majani ya chai, maana mgeni hafiki kwa mzee mikono mitupu. Sema jambo lako kwa ufupi: "Wazee wangu, safari imefika. Ningependa tule pamoja kabla sijaondoka. Mnanishauri nini?" Ukishauliza, nyamaza. Watashauriana mbele yako kwa Kimaasai, watacheka, watabishana kidogo, na mwisho utapewa jibu. Humo ndani utaambiwa siku, uwanja, na jina la mtu wa kushika uongozi wa shughuli.

Mtendaji atakueleza pia kama muziki wako unahitaji kibali, na utalipia nini. Fanya hilo mapema. Hakuna aibu kubwa kama spika kuzimwa wageni wameshakaa.

Kumbuka pia suala la rika. Wanaume wa Kiarusha na Kimaasai wamepangwa kwa marika, kama Makaa, Landisi na Korianga, na kila rika lina wasemaji wake. Ukizungumza na rika moja tu, jingine litakuja kama watazamaji. Muombe laigwanani akutajie mtu wa kila rika.

2. Kamati iwe na akina mama wa kutosha

Kamati ya wanaume watupu itapanga nyama na hotuba. Haitapanga kuni, maji, sahani, watoto wala chumvi. Weka akina mama nusu kwa nusu, na mweka hazina awe mama anayeaminika kwenye kikundi chake cha VICOBA. Vikundi hivi mara nyingi vina masufuria makubwa, viti na hata maturubai ya kukodisha kwa bei nafuu, na fedha ya kukodi inabaki kijijini. Ukiagiza kila kitu kutoka mjini utalipa zaidi, halafu watu wataona umewapita.

Daftari moja, kalamu moja, mtu mmoja wa kupokea fedha. Inatosha.

3. Tarehe ina wenyewe

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, uwanja ni tope na watu wako shambani. Juni hadi Agosti kuna baridi na upepo wenye vumbi. Unaweza kufanya sherehe, lakini turubai lifungwe kwa kamba za maana na sufuria ziwe na mifuniko. Siku ya mnada iache, kwa sababu wenye mifugo wote wanakuwa sokoni. Jumapili ni ya ibada, Jumamosi Wasabato hawatakuja. Angalia Kwaresma, angalia Ramadhani, uliza kama kuna jando au harusi kwenye boma lolote kubwa. Kama unataka walimu na wanafunzi, epuka Septemba wakati wa mitihani ya darasa la saba.

Na msiba ukitokea, ahirisha. Usiulize kama ni lazima. Nenda msibani ukae na watu, na siku nyingine itapangwa na wao wenyewe.

4. Usigawe kadi

Kadi ni za harusi za mjini. Huku tangazo linatolewa kanisani, msikitini, shuleni na sokoni, na kila aliyelisikia ni mwalikwa. Atakuja na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na shangazi aliyefika jana kutoka Monduli. Pika kwa kukisia, kisha ongeza robo.

Siku yenyewe usipite ukiwahesabu watu kwa kidole. Wazee wengi wa huku hawapendi watu wala mifugo ihesabiwe hadharani. Mpishi akitaka hesabu, ahesabu sahani.

5. Sufuria ziwe nyingi, si moja kubwa

Hapa ndipo sherehe nyingi zinapofaulu au kuharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Wali ndio chakula cha sikukuu kwa karibu kila mtu. Kwa hamu ya kijijini, kadiria kilo 1 ya mchele kwa watu 6, kwa hiyo watu 300 watahitaji kilo 50. Pilau ni nzuri, vijana na watumishi wataifurahia. Lakini bibi aliyezoea chakula kisicho na viungo atakula vijiko viwili vya iliki na karafuu kisha ataiweka sahani chini kwa adabu. Gawa mchele: nusu pilau, nusu wali mweupe.

Halafu kuna loshoro. Mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa mpaka yalainike, yakapoa, yakachanganywa na maziwa mgando. Ni chakula cha Waarusha na Wameru, na mezani kwako hakiwezi kukosekana, kwa sababu kinawaambia wenyeji kwamba chakula chao nacho ni cha sherehe. Mwachie mama mwenyeji akipike. Kazi yake inaanza siku moja au mbili kabla, maziwa yakigandishwa kwenye kibuyu, na hakuna mpishi wa mjini atakayekipatia. Kiwekwe mahali pake, mbali na nyama, maana wapo wazee ambao kwa mila yao hawachanganyi maziwa na nyama kwa wakati mmoja. Wataanza na kimoja, na kingine hawatakigusa siku hiyo. Usiwabembeleze.

Nyama ya kuchoma iwe na chumvi peke yake. Kachumbari na pilipili zikae pembeni kwa wanaotaka. Supu ya wazee watie dawa wao wenyewe. Kiloriti, gome la mti wanaloliamini, lina kipimo chake na si kazi ya mgeni. Nyama ya wazee nayo isikatwe bila mzee kusimama pale, kwa sababu kila kiungo kina mwenyewe, na kosa la kisu linaweza kununiwa mwaka mzima.

Wazee wengine hawali kuku wala samaki. Wageni wako kutoka Ulaya, wengine hawali nyama kabisa. Makande, maharage, mchicha na ndizi za kupika vitawatosha hawa wa mwisho, tena Wachaga watakushukuru kwa ndizi. Kwa hiyo huhitaji chakula maalumu cha wazungu. Nimeona watu wakihangaika kutafuta tambi na jibini Arusha mjini, na wageni waliokusudiwa wakaishia kula makande kwa furaha.

Watoto wapewe chakula chao mapema, kwenye foleni yao, na mama wawili wawasimamie. Ukiwaacha wasubiri mpaka meza kuu ishibe, wadogo watalala na njaa kwenye nyasi. Wazee walio wagonjwa na wasioweza kutembea wapelekewe sahani zilizofunikwa majumbani mwao kabla watu wengine hawajaanza kula. Mpe kijana wa bodaboda kazi hiyo na orodha ya majina kutoka kwa balozi wa nyumba kumi. Kati ya yote utakayofanya, hili ndilo litakalozungumzwa muda mrefu zaidi.

6. Achinje Mwislamu, akague bwana mifugo

Waarusha na Wamaasai wana namna yao ya kuchinja mbuzi, na ina heshima yake wanapokuwa peke yao. Kwenye shughuli ya watu wote fuata desturi ya Tanzania nzima: muombe Mwislamu achinje, ili kila mtu ale bila kuuliza. Huku hakuna atakayekasirika. Wazee wanalijua jambo hili kuliko wewe.

Na kabla nyama haijapanda jikoni, bwana mifugo aione. Kimeta ni ugonjwa unaojulikana kwenye maeneo ya wafugaji wa mkoa huu, unapita kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu, na kibudu cha bei ya kutupa kinaweza kuua. Nunua mbuzi mzima mwenye afya, mnadani, mchana, ukiwa na mzee anayejua kumshika mgongo na kumtazama meno. Ukienda peke yako utauziwa kwa bei ya mgeni.

7. Maji ni bajeti kamili

Oldonyo Sambu iko upande mkavu wa Mlima Meru. Mvua nyingi huishia upande wa kusini na mashariki, kwa Wameru na migomba yao. Huku maji hubebwa kwa punda, madumu mawili kila ubavu, na mama anayekuja kupika kwako ameacha foleni ya bombani ili aje. Usimwombe pia alete maji. Kodi matanki, lipia boza au wenye punda, na uyajaze siku moja kabla.

Jambo jingine ambalo mgeni wa mlima huu anapaswa kulijua: maji mengi ya hapa yana floraidi iliyozidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Meru vinapita hapo. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huku. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa sababu maji hupungua na floraidi inabaki. Maji ya siku moja hayamdhuru mtu, lakini kwa uji wa watoto na kunywa, tafuta ya mvua au yaliyotoka kwenye chanzo ambacho wenyeji wanajua kuwa ni salama. Ukiwauliza akina mama bomba lipi lina maji mazuri, watakuonyesha mara moja.

Maji ya kunawa yapangwe vilevile. Vijana wanne wenye majagi na mabeseni wapite kila safu, wakianza kwa wazee. Mtu anayekula kwa mkono hapaswi kuinuka kutafuta bomba.

8. Pombe iwe mbali na turubai

Swali hili litazuka kwenye kikao cha kwanza. Mchungaji hataki kuiona, walokole wataondoka, Waislamu vilevile, na wazee wataona mgeni bila pombe ya asali ni mgeni gani. Wote wana haki.

Ushauri wangu ni wa wazi. Uwanjani iwe soda, maji na chai ya maziwa. Siku moja kabla, peleka asali au fedha yake nyumbani kwa laigwanani, na wazee wafanye yao huko kwa utaratibu wao. Usigawe bia kwa vijana hata wakikuomba kwa wimbo. Nyumbani kuna mama zao, na wewe utakuwa umeshapanda gari ugomvi utakapoanza.

9. Waandae wageni wako kutoka mjini na ng'ambo

Waambie wazi, kabla hawajapanda Noah pale Arusha: mabega na magoti yafunikwe. Kitenge au kanga inatosha kwa wanawake, suruali ndefu kwa wanaume. Waje na koti, jioni ya huku ni baridi hata Desemba.

Wafundishe salamu ukiwa bado una muda. Watoto watakuja wameinamisha vichwa. Mkubwa anagusa utosi kwa kiganja, hashiki mkono wa mtoto. Mwanamke husalimiwa "takwenya", naye huitikia "iko". Mgeni akiyajua hayo mawili tu, mabibi wote wa uwanjani watataka akae nao.

Na wasikae peke yao. Meza ya wazungu kando ya uwanja ni jambo la kusikitisha, hata kama viti vyake ni vizuri. Wachanganye: mmoja na walimu, mmoja na akina mama wa kwaya, mmoja na wazee chini ya mti. Kila mmoja apewe kijana wa sekondari wa kumtafsiria.

10. Mshereheshaji awe wa hapa, na lugha ziwe zote

MC wa mjini ana utani wa mjini. Mchukue mwalimu au mwinjilisti anayejua Kiswahili na Kimaasai kwa ufasaha, kwa sababu bibi wengi huku Kiswahili wanakisikia kwa taabu, na sherehe isiyoeleweka ni kelele tu. Kila hotuba itafsiriwe. Ndiyo, itachukua muda. Basi zipunguzwe hotuba, tafsiri ibaki.

Tangaza saa nne asubuhi ukijua mambo yataanza saa saba. Kwaya ya kanisa iimbe kwanza, halafu watoto wa shule, halafu vijana waruke na akina mama waimbe kwa shanga zao. Bongo Fleva na Singeli zije mwisho, wazee wakishaondoka. Spika zisigombane na watu wanaoimba kwa koo zao. Mtu wa muziki aambiwe hivyo mapema, tena mara mbili. Saa kumi na mbili jioni kila kitu kizimwe. Watu wanatembea mbali, kuna makorongo, na mifugo inarudi zizini.

11. Hotuba yako iwe ya shukrani, dakika tatu

Usisome orodha ya mambo uliyoyafanya. Darasa ulilojenga wanaliona. Wazee hawa wanatoka kwenye mlima wenye historia nzito ya wageni. Upande wa pili, Engare Nanyuki, mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu ili kupisha walowezi, na Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Watu waliojisemea wenyewe mbele ya dunia hawahitaji kuambiwa kwamba umewaletea mwanga.

Taja uliyopewa. Mama aliyekuletea maziwa ulipougua. Mzee aliyekuonyesha njia ya mkato siku ya mvua. Kijana aliyekutengenezea paa bila kudai. Vitu vidogo, vyenye majina, vinasikika mpaka nyuma kabisa.

Na usiahidi. Usiseme utarudi mwakani, usiseme utatafuta mfadhili wa kisima. Kijijini ahadi iliyotolewa mbele ya wazee inahesabiwa kuwa neno, na watu wataisubiri. Kama una mpango wa kweli, zungumza na mwenyekiti pembeni, ukiwa na karatasi.

12. Pokea baraka mwili mzima

Kutafika wakati wazee watasimama. Watakuita katikati, labda wakiwa wameshika majani mabichi, ishara ya amani. Mmoja ataanza kuomba kwa sauti ya juu, sentensi fupi fupi, na kila sentensi watu wote wataitikia "Naai!" Simama umeinamisha kichwa. Anaweza kupuliza maziwa au pombe ya asali kutoka kinywani ikurashie uso na kifua. Hiyo ni baraka, na ni kubwa. Usirudi nyuma, usijifute. Waeleze na wageni wako mapema, wasije wakatoa leso. Mchungaji akiomba baada ya wazee, au kabla yao, sawa. Kamati iwe imepanga nani anatangulia.

Kisha zitakuja zawadi. Utavikwa shuka begani, utavalishwa shanga shingoni na mkononi, utapewa fimbo au rungu, pengine kibuyu. Pokea kwa mikono miwili, vaa hapo hapo, na ukae nazo mpaka mwisho wa shughuli. Mama anaweza kukuletea kuku na mayai sita kwenye kikapu. Usiseme "asante lakini naondoka na ndege." Pokea, shukuru, kisha jirani akulindie.

Ukipewa mbuzi, kondoo au ndama, jambo limekuwa zito zaidi. Kwa mila ya hapa, waliopeana ng'ombe huitana pakiteng, waliopeana mbuzi huitana pakine, na waliopeana kondoo huitana paker, na wataitana hivyo maisha yao yote badala ya majina. Umepewa udugu. Mnyama huyo usimuuze wala usimchinje siku hiyo. Muombe aliyekupa, au mzee mnayeaminiana, amchunge pamoja na wake. Atazaa, utapigiwa simu kuambiwa, na utakuwa na sababu ya kuuliza habari za mvua na majani miaka yote ijayo.

13. Madeni kwanza, vyombo baadaye, vyote kabla ya sherehe

Wiki moja kabla, zunguka ulipe. Duka la unga na mafuta ya taa, mama wa maziwa, fundi cherehani, kijana wa bodaboda. Mtu unayemdai shilingi elfu tano msamehe, tena mwambie umemsamehe ili aje kula kwa amani.

Godoro, jiko la gesi, meza, vyandarua, ndoo: usivigawe uwanjani. Nimeona ugomvi wa sufuria moja ukitia doa sherehe nzuri. Orodhesha vitu vyako, kaa na jirani yako wa karibu na mama mmoja wa kamati, mkubaliane nani ana shida ya nini, na kila kitu kifike kwa mwenyewe usiku wa kuamkia shughuli. Vya shule vipelekwe shuleni kwa maandishi, vya zahanati zahanati.

14. Picha ziombwe, na zirudi

Mpiga picha awe mmoja, anayejulikana. Wazee waombwe ruhusa kwa lugha yao, na anayekataa aachwe. Watoto wa watu wasiwekwe mtandaoni bila wazazi kujua.

Kisha safisha picha. Nyumba nyingi za huku hazina picha ya bibi aliyefariki hata moja. Agiza studio ya mjini ichape zile za wazee na za familia nzima, ulipie kabla hujasafiri, na mwalimu mmoja azigawe. Ni zawadi ya bei ndogo kuliko keki, na itatundikwa ukutani.

15. Kesho yake ni sehemu ya sherehe

Wewe mwenyewe urudi uwanjani asubuhi. Ng'oeni miti ya turubai, zoeni chupa, osheni masufuria na yarudi kwa wenyewe yakiwa na kitu ndani: mchele uliobaki, sukari, chumvi. Chakula kilichobaki kigawiwe siku ile ile jioni, kwenye vyombo vya watu wenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na huku mbuzi akila mfuko anakufa.

Soma mapato na matumizi mbele ya kamati, hata kama fedha yote ilikuwa yako. Walete chai wapishi, wakae wakati wewe unamimina. Waliosimama motoni tangu saa kumi alfajiri hawakuzisikia hotuba wala hawakupata muda wa kukuaga, na saa yao ni hii.

Mwisho kabisa, andika namba ya simu ya mtu mmoja wa kijijini, mwenyekiti au jirani yako, kwenye karatasi na si kwenye simu peke yake. Ukifika unakokwenda, iwe Lindi au Leipzig, mpigie siku hiyo hiyo umwambie umefika salama. Atalitangaza kanisani au sokoni, na wote waliokula kwako watajua.